Nyati na Kijiko

Daktari wa mikono hakuzungusha maneno. Alikigeuzageuza kiganja cha kushoto cha Nanga kama mtu anayechagua nyanya, akabonyeza chini ya kidole gumba mpaka Nanga akauma meno, kisha akamwambia kwamba mshipa ule umevimba na umechoka. Ama apunguze kusuka nywele, ama aliache hilo gitaa kubwa analolisema. Vyote viwili mkono hautavibeba mwaka mwingine. Ukilazimishwa utakakamaa, na vidole vikishagoma kukunjuka, hapo hata sindano haisaidii.

Haya, mtu kama Nanga utamwambia apunguze nini? Saluni yake ya viti vitatu ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wawili, mama mzazi, na nusu ya mume, maana huyo mume alikuwa dereva wa masafa marefu na nusu nyingine ililishwa njiani. Kusuka hakuguswi. Na besi je? Miaka kumi na moja alikuwa amesimama na bendi ile ile, akipiga zile sauti za chini ambazo watu hawajui kama wanazisikia mpaka zikosekane. Jina la Nanga lenyewe alipewa na bendi, kwa sababu Jumapili aliyokwenda kujifungua mtoto wa pili wenzake walielea saa nzima bila kujua wimbo umeanzia wapi. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lilibaki kwa mama yake na kwa watu wa benki.

Alitoka kwa daktari na bandeji mkononi, akafika kona ya kwanza, akaivua na kuitia kwenye mkoba. Hakutaka mtu aione.

Msimwite mkaidi kabla hamjamsikiliza. Bendi ile iliwahi kuwa na mzee wa tarumbeta, hodari kweli kweli, akaugua fizi, meno ya mbele yakamtoka. Wenzake walimhurumia. Ee, walimhurumia mpaka ikawa balaa. Wakamwekea kiti karibu na mlango, wakampa manyanga atikise, na kila wimbo ukiisha wanampigia yeye makofi kwanza. Mzee wa watu alitikisa manyanga miezi mitatu akitabasamu kwa taabu, mwezi wa nne hakuonekana tena, na siku alipomwona Nanga sokoni alivuka barabara. Nanga alikula yamini siku hiyo hiyo. Heri afukuzwe mchana kweupe kuliko kupewa manyanga.

Mazoezi yao yalikuwa kila Jumapili asubuhi katika karakana ya makochi ya kiongozi wa bendi, ambaye kila mtu alimwita Fundi, na mkewe pia. Makochi yasiyovikwa bado yalisukumwa ukutani, mbao na springi zikiwa nje, na magunia ya sponji yaliyorundikwa pembeni yalimeza mwangwi wote. Fundi alipiga gitaa la solo. Masikio yake yalikuwa ya ajabu. Alikalia kochi mara moja tu, akakwambia springi ya tatu kutoka kushoto imelegea, ukifungua unaikuta. Ila mdomo wake, sasa, ulikuwa mzito. Katika bendi yake mtu hakosolewi kwa maneno. Ukikosea, Fundi anatazama dari. Anatazama dari mpaka upite pale pabaya, kisha anarudi kwenye nyuzi zake kama hakuna kilichotokea. Wote waliizoea tabia hiyo. Ukitazamiwa dari, unakwenda kwako, unatafuta kosa lako mwenyewe, Jumapili inayofuata unarudi umelitoa.

Na kwa miezi saba sasa dari lilikuwa la Nanga peke yake.

Lilimpata mahali pamoja tu. Katika wimbo wao mkubwa, ule ambao watu huuomba kabla hata spika hazijawashwa, kulikuwa na sehemu waliyoiita ngazi. Vyombo vyote vinanyamaza isipokuwa dramu, na besi inapanda peke yake kutoka kwenye uzi mnene kabisa mpaka uzi mwembamba, hatua nane, kisha mwimbaji anaingia juu yake. Nanga aliitunga ngazi hiyo mwenyewe akiwa na umri wa miaka ishirini na tatu na vidole visivyojua kuumwa. Sasa kila akiianza, Fundi macho juu. Nanga alijichunguza, akaamua kwamba anabonyeza kwa ulegevu ndiyo maana sauti imekonda. Akazidisha kubonyeza. Mkono ukazidi kuvimba.

Gitaa alilolipiga lilikuwa la bendi, na lilikuwa na jina lake, Nyati. Alikuwa mzito kama mlango wa mbao ngumu, na shingo yake ilikuwa ndefu hata kumfikia kule mwanzoni ni lazima unyooshe mkono kama unayeanika shuka kwenye kamba ya juu. Lakini sauti, jamani. Ukimgusa uzi mnene, springi za makochi yote zinaitikia. Watu walikuwa wakiisikia bendi ile barabarani kabla ya kuiona, na walichokisikia ni Nyati.

Basi Jumapili moja, mwisho wa mazoezi, Fundi alitangaza kwamba wamepata siku ya kurekodi studio, Jumamosi, wiki tatu zijazo. Wakashangilia. Kisha akatazama viatu vyake akasema kwamba Jumapili ya mwisho kabla ya kurekodi, saa nne, atakuja mgeni kuwasikiliza, mpiga besi wa bendi ya hoteli moja, Bwana Koti. Alisema kuwasikiliza tu. Mpiga dramu, ambaye alikuwa mdogo wake mume wa Nanga na ndiyo maana bendi nzima ilimwita Shemeji, aliangusha fimbo moja. Hakuna mpiga besi anayekwenda kusikiliza bendi yenye mpiga besi siku sita kabla ya kurekodi. Hata mtoto mchanga angelielewa hilo.

Nanga alisema sawa, akakunja waya wake, akaenda nyumbani. Huko jikoni alilia, na sitaki kumficha, alilia kwa hasira mpaka mama yake akaja kuzima jiko lililokuwa likiunguza chungu kitupu. Alimpangusa uso kwa upande wa kanga, kisha akamwambia anawe aje wale. Nanga alinawa, na wakati anakausha mikono alikuwa tayari amekwisha kuamua. Wimbo ule utarekodiwa na besi yake, kwa udi na uvumba, na hakuna atakayejua habari za mkono.

Kesho yake, Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, alikwenda kwenye duka la vitu vilivyotumika. Hapo, kati ya pasi na baiskeli za watoto, lilining'inia gitaa la besi fupi la rangi ya haradali. Shingo yake ilipungua kiganja kizima kuliko ya Nyati. Mwenye duka alimweleza kwa unyoofu kwamba lilitoka shule moja, wanafunzi walijifunzia, na wapigaji wote waliolishika walicheka wakalirudisha. Nanga alilipakata, akanyoosha mkono wa kushoto mpaka mwisho wa shingo, na kiwiko chake kikabaki mbavuni. Hakumbuki kama alipumua. Walibadilishana, yeye akatoa draya kubwa ya kusimama ambayo wateja wake walikwisha kuikimbia kwa kelele.

Shemeji alipoliona alicheka hadi akajishika magoti. Alisema hilo si gitaa, ni kijiko cha chai. Basi, jina likashika hapo hapo, Kijiko.

Nanga alimwomba Fundi amwachie Nyati akae naye kwa muda, na Fundi hakukataa. Saluni ikifungwa jioni, aliwaweka wote wawili kwenye kiti cha wateja, akawachomeka kwa zamu kwenye spika ile ile, bila kugusa kitufe chochote, akapiga kitu kile kile. Alitaka kujua ukweli, si kujifariji. Na ukweli haukuwa mtamu. Nyati sauti yake ilikwenda chini ikasimama huko wima, kila nota na mipaka yake, na ukimwacha aliendelea kuunguruma mpaka umnyamazishe kwa kiganja. Nyuzi zake zimekazwa, zinakurudisha kidole. Kijiko sauti yake ilikuwa ya mviringo, nene katikati, tamu hata, ila ilivimba upesi ikatoweka upesi. Nyuzi zake zilikuwa laini. Kwenye nyuzi tatu nyembamba hilo halikudhuru, lakini uzi mnene ulilegea, na ukiupiga kwa nguvu ulizokuwa ukimpigia Nyati ulibwabwaja kama mlevi. Kwa upande mwingine, ngazi nzima kwenye Kijiko ilikaa chini ya vidole vinne bila mkono kujinyoosha hata mara moja. Alipanda hatua nane, akashuka, akapanda tena, mara kumi, mara ishirini, na mkono haukuuma.

Alicheka peke yake kwenye kioo cha saluni. Halafu akaivalia njuga kazi yenyewe.

Kwanza alitafuta nyuzi nene zaidi, ili ule ulegevu upungue. Uzi mnene mpya haukuingia kwenye mfereji wake pale kwenye kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi juu ya shingo, kwa hiyo akachukua tupa ya kucha, ile nyembamba ya wateja wa siku za harusi, akaukwangua mfereji pole pole, akijaribu uzi kila baada ya mikwaruzo mitatu. Kisha alikata kipande cha sponji cha upana wa kidole, akakipenyeza chini ya nyuzi karibu na mwisho wake, ili sauti isivimbe ovyo. Na baada ya hapo ukaja mtihani wenyewe, mkono wa kulia. Miaka kumi na moja Nyati alimfundisha kupiga kwa nguvu. Kijiko kilitaka kuguswa. Ukikilazimisha kinakuaibisha, ukikibembeleza kinakupa yote, ila karibu na mwisho wa nyuzi, mahali ambapo zimekaza zaidi, si pale katikati alipozoea. Ilimbidi ajifunze upya kama aliyeanza jana. Wateja waliosukwa wiki hizo wanasema alikuwa akiwapigia besi kwenye mabega bila kujijua.

Jumapili iliyotangulia ile ya mgeni alikuja na Kijiko karakanani. Alimweleza Fundi kwamba studio angependa kutumia hiki, kwa ajili ya sauti tu, imemvutia. Fundi alikitazama, halafu akatazama dari, na safari hii hakuna aliyekuwa amepiga kitu. Akasema kwa upole kwamba sauti ya bendi ni Nyati, watu wanaijua, na hawezi kwenda studio na gitaa la shule.

Nanga alikuwa amelitarajia jibu hilo. Akaweka dau lake mbele ya wote. Jumapili ijayo, saa tatu, kabla mgeni hajafika, litundikwe pazia. Yeye akae nyuma yake na magitaa yote mawili, Fundi akae mbele.

"Ukiweza kuwatofautisha, nafasi yangu mpe Bwana Koti, na Nyati nitamkabidhi kwa mikono yangu," alisema. "Ukishindwa, napiga Kijiko studio, na asiniulize mtu kwa nini."

Shemeji alianza kusema neno, Nanga akamkata kwa jicho. Fundi alisugua vidole vilivyojaa makovu ya misumari midogo. Mwishowe akakubali.

Jumapili ikafika. Pazia lilikuwa jora la kitambaa cha makochi, chenye maua makubwa ya zambarau ambayo mteja fulani aliyaagiza akayakimbia. Mwimbaji wao, mwalimu wa chekechea aliyeitwa Kengele kwa ajili ya sauti yake, alikaa nyuma ya pazia pamoja na Nanga. Kazi yake ilikuwa kuonyesha vidole, kimoja Nyati, viwili Kijiko, ili Nanga asiweze kupanga mwenyewe. Raundi zilikuwa sita. Kila raundi wanaanza ubeti wa pili wa wimbo, wanapita kwenye ngazi, wanasimama. Shemeji angepiga dramu kidogo kidogo upande wa mbele, na kwa kuwa alijiona naye ana masikio, alichukua karatasi aandike majibu yake.

Kengele alionyesha kidole kimoja. Nanga akampakata Nyati, akapiga. Kwenye ngazi maumivu yalimpanda kutoka gumba hadi kiwikoni, akayameza. Sauti ya Fundi kutoka upande wa pili ikasema, bila haraka, Nyati.

Bahati, Nanga alijiambia. Raundi ya pili ilikuwa Kijiko, na Fundi akasema Kijiko. Ya tatu ikawa Kijiko tena, na Nanga alipiga kwa ulaini wote aliojifunza, uzi mnene ukatoa sauti ambayo yeye mwenyewe angeapa ni ya Nyati. Fundi akasema Kijiko. Ya nne na ya tano zilikuwa Nyati mfululizo. Kengele, aliyekuwa karibu kiasi cha kumwona jasho, aliukunja uso na kutaka kuonyesha vidole viwili kwa huruma, lakini Nanga akamtikisia kichwa. Kama ni kushindwa, ashindwe kihalali. Fundi akasema Nyati, na Nyati. Ya sita akasema Kijiko, na ilikuwa Kijiko.

Sita kwa sita. Shemeji aliikunja karatasi yake na kuikalia, maana alikuwa amepata mbili.

Nanga alikaa pale nyuma ya maua ya zambarau, mikono mapajani, na moyo ukamfa kabisa. Aliwafikiria watoto ambao walikuwa wameahidiwa kumsikia mama yao redioni. Kisha akapiga moyo konde, akasimama, akamtia Nyati kwenye mfuko wake, akavuta zipu mpaka mwisho, akatoka. Aliuweka mfuko miguuni pa Fundi, akamwambia kwamba ahadi ni ahadi.

Fundi hakuugusa mfuko. Alikuwa amekalia mbao za kochi lisilovikwa, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Sauti zenyewe ulinikoroga," alisema. "Ile raundi ya kwanza nusura nikose. Nikaacha kusikiliza sauti, nikasikiliza ngazi. Kwa Nyati unachelewa. Kidogo tu, hatua ya tatu na ya sita, lakini unachelewa. Kwa hicho kingine huchelewi kabisa."

Nanga alikitazama kiganja chake cha kushoto. Kuchelewa? Miezi saba alitafuta kosa kwenye sauti, kwenye kubonyeza, kwenye nyuzi, kwenye spika, na halikuwa huko. Kila alipojinyoosha kuifikia hatua ya tatu mkono ulisita kwa maumivu, na yeye kwa kujikaza alisikia maumivu tu, hakusikia kusita. Dari lilimwambia kwamba kuna kosa. Halikumwambia kosa gani.

Fundi aliendelea kusema, na kwa mtu wa mdomo mzito ilikuwa hotuba. Alisema alidhani Nanga amewachoka. Mtu mwenye besi kama yake, anachelewa mahali pale pale kwenye ngazi aliyoitunga mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, na hajirekebishi, afikirie nini? Alifikiri moyo wake umetoka bendini na anaona haya kuaga. Ndipo akamwita Bwana Koti, ili amrahisishie kuondoka.

"Mkono unaumwa," Nanga alisema. "Daktari amesema nikiendelea na Nyati utakakamaa."

Kengele aliweka kiganja mdomoni. Shemeji alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na mzaha. Fundi alimtazama Nanga huo mkono, akatazama chini, akauliza kwa sauti ndogo mbona hakusema.

Hapo Nanga alipandwa na hasira aliyokuwa ameiweka miezi yote. Akamuuliza na yeye mbona hakuuliza, alikuwa na mdomo, akatumia macho. Akamwambia kwamba alimwona mzee wa tarumbeta akifutwa kwa upole kwenye kile kiti, na yeye hatatikisishwa manyanga na mtu, hata na mtu anayempenda. Fundi alipigwa na neno hilo. Alisema alidhani anamheshimu yule mzee. Akasema tena kwamba alidhani anamheshimu, na macho yakamlegea. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akijihesabia thawabu kwa kile kiti.

Nanga aliona vibaya, lakini hakulifuta neno lake. Aliinama kuuinua mfuko wa Nyati auweke sawa kwa ajili ya mgeni. Fundi akaweka mguu juu ya mkanda wa mfuko.

"Kijiko hakina kishindo cha Nyati, nisikudanganye," alisema. "Lakini kishindo nitamwambia Shemeji akaze dramu ya mguu. Kuchelewa nitamwambia nani anirekebishie?"

"Hiyo ni huruma?"

"Ningekuhurumia ningekuambia upumzike. Mimi nataka wimbo mzima, sasa hivi, na ukikosea nakutajia kwa mdomo."

Nanga alimtazama usoni kuona kama anamdanganya. Hakumdanganya. Basi akavaa mkanda wa Kijiko begani, Fundi akachomeka solo lake, Shemeji akarudi kwenye dramu, na Kengele akalibwaga pazia chini wapate nafasi. Walianza. Kwenye ubeti wa kwanza tu Fundi akasimamisha kila mtu, akasema, na sauti ilimtoka kwa shida kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, kwamba uzi mnene anaupiga kwa nguvu mno, unabwabwaja. Wote wakashtuka. Hawajawahi kusikia kitu kama hicho kutoka kwake. Nanga akalainisha kidole. Wakaanza tena. Fundi akasimamisha, akamwambia Shemeji amekimbia, halafu akamwambia Kengele amemeza neno la mwisho, na Kengele akamwambia na yeye Fundi solo lake limemfunika. Ikawa vurugu ya kukosoana, vicheko ndani yake, na saa ikapita bila mtu kuitazama. Mara ya tano walifika mpaka kwenye ngazi, Nanga akapanda hatua nane, na zote zikatua mahali pake.

Hodi ikasikika.

Wakageuka. Bwana Koti alikuwa mlangoni, na kweli alikuwa na koti, la rangi ya majivu, vifungo vyote vimefungwa katika joto lile. Alisalimia kwa adabu, akauliza kama hapa ndipo penye bendi inayotafuta mpiga besi. Fundi alifungua mdomo. Alikuwa ameutumia sana asubuhi ile, na sasa ulipohitajika hasa ukamgomea. Akapata haya, akageuza shingo. Shemeji na Kengele wakamtazama Nanga.

Nanga aliacha Kijiko kining'inie begani, akaenda mlangoni, akampa mgeni mkono. Alimpa wa kushoto, ule mgonjwa, maana wa kulia ulishika waya, akaomba radhi kwa hilo, kisha akaomba radhi kwa usumbufu wa kumtoa nyumbani kwake siku ya mapumziko.

"Besi ya hapa ina mtu, kaka," alimwambia. "Ni mimi. Mkono huu ni mgonjwa, ndiyo maana napiga gitaa dogo. Lakini nafasi haiko wazi."

Miezi saba alikuwa ameyaficha maneno hayo kwa wanaomjua, na sasa aliyasema kwa mtu asiyemjua. Bwana Koti alilitazama lile gitaa la haradali kutoka juu mpaka chini. Hakucheka. Aliuliza tu, kwa kuwa ameshafika, kama anaweza kukaa kidogo asikie linavyolia.

Nanga alimwonyesha kochi la kukalia. Kisha akarudi mahali pake, akakunja na kukunjua vidole mara mbili, akawaambia wenzake wasianze mwanzo. Waanzie kwenye ngazi.